Ua la Moto na Ndiga ya Dada Somoe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa jembe lisilo na mpini. Kambi ya watalii ilikuwa huko juu ya mto Rufiji, mbali na Ikwiriri, na gari la mizigo lilinishusha pale na kanga mbili na barua. Barua yenyewe niliandikiwa na mwenyekiti wa kijiji, maana mimi niliishia darasa la nne. Msimamizi wa Bustani, Mzee Ngwele, aliisoma, akaikunja, akaniambia nimwoneshe viganja.

"Mwanaidi, siyo?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mpini kachonge mwenyewe. Mpini wa mwenzio utakutoa malengelenge."

Nikaingia kichakani kuchonga mpini, mtoto wa kike peke yangu, huku wapishi wa kambi wananicheka kutoka jikoni. Mmoja akapaza sauti, "Dada, ukikutana na simba mwambie chai iko tayari!" Ndivyo nilivyoanza kazi ya maua, na nimeifanya miaka zaidi ya ishirini na tano. Nawaandikia ninyi vijana mnaouza miche barabarani hapa Kibiti, mnaokuja kuniuliza juu ya ua la moto kana kwamba nina siri. Siri ninayo. Lakini siyo ile mnayoitaka.

Kwanza niwaeleze ua lenyewe, maana wengi mnaliona likiwa limechanua tu. Ua la moto ni la porini. Kwetu linaota lenyewe kwenye vichaka vya mchanga, kuanzia milima ya Chumbi mpaka huku Kibiti. Halina shina la kujisimamia. Linapanda kwa majani yake: kila jani linaisha kwa mkia mwembamba unaojisokota, unashika kijiti, unashika ua wa makuti, unashika hata kamba ya kuanikia nguo. Maua yake yanaanza kijani, yanageuka njano, halafu yanaiva mekundu, na petali zote zinajikunja kwenda juu kama moto wa kuni kavu. Mzungu akiliona anapiga magoti.

Chini ya ardhi lina kiazi. Kiazi kile kina panda mbili, kama panda ya manati, na kwenye ncha ya kila panda kuna jicho moja tu. Jicho ndilo linalotoa mche. Ukiivunja ile ncha, kiazi kinabaki kizima kwa macho yako, lakini hakioti tena. Ndiyo maana Mzee Ngwele alikataza majembe karibu na lile tuta. Tulifukua kwa vidole, polepole, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto.

"Mvua za vuli zinaliamsha," alituambia. "Masika yakiisha linakauka. Likikauka msilimwagilie. Limelala. Ukimwagilia aliyelala, anaoza."

Kipindi hicho cha kulala ndipo tulipofukua viazi na kuvihifadhi mpaka vuli. Mzee Ngwele alivitia kwenye debe lenye kifuniko, debe alilolipaka rangi nyekundu pande zote nne, akalifunga kwa waya, akalitundika stoo ya majembe. Tukimaliza kufukua tulinawa kwa majivu mpaka viwiko, na hakuna aliyeruhusiwa hata kujifuta mdomo kabla ya kunawa.

Nilimuuliza siku moja kisa cha waya wote ule. Akanijibu bila kuniangalia, "Nguruwe alifukua mihogo yote ya kambi hii. Hiki kiazi alikiruka. Nguruwe, Mwanaidi."

Nilicheka. Nilikuwa msichana, kila kitu kilinichekesha.

Mzee Ngwele alipopata umri wa kupumzika, kambi ilileta msimamizi mwingine aliyetaka majani ya kukata kwa mashine, siyo maua. Nikaondoka. Nikarudi Kibiti, nikapata kazi kwenye kitalu cha miche kando ya barabara kuu ya kusini. Mwenye kukisimamia aliitwa Meneja, na cheo hicho alijipa mwenyewe, kwa sababu kitalu kilikuwa na watu watatu. Jina lake Athumani Mkwanda. Nalitaja kwa makusudi. Watu hapa wana tabia ya kusema "fulani" na "mtu mmoja". Mimi sisemi fulani.

Mkwanda alikuwa mtu wa maneno mazuri. Magari ya Dar yakisimama kununua machungwa, yeye tayari yuko dirishani na mche mkononi. "Mama, hili ukiliweka kwenye baraza lako, majirani watahama." Wanacheka, wananunua. Hakuwa na ua la moto mpaka mimi nilipomletea. Nilijisifu, nikamwambia nimelilea kambini miaka, nalijua lilalapo na liamkapo. Nikaenda vichakani, nikarudi na viazi, nikamwoteshea mistari miwili. Vuli ile yalipochanua, lori la mkaa lilisimama, dereva akashuka akapiga picha.

Mkwanda akaniambia, "Dada Mwanaidi, wewe sasa ndiye Bibi Bustani."

Nilitembea siku nzima nimevimba kichwa.

Jambo la sumu ya kile kiazi, ambayo hata nguruwe wa kambini aliijua, nilimwambia. Sitaki mseme sikumwambia. Tulikuwa tunafunga viazi kwenye karatasi, viwili viwili, nikamwambia, "Meneja, hivi lazima tuwaambie wanunuzi havigusi mdomo. Mzee Ngwele alikuwa anavifunga kwa waya."

Akaweka karatasi chini. "Nani atakula ua?"

"Hawali ua. Kiazi ndicho kinachofanana na chakula."

"Mtu ananunua ua, hanunui hofu. Ukianza kuwaambia sumu, sumu, kesho wanasema hata michungwa yetu ina sumu. Funga viazi, dada."

Nikafunga. Nilivifunga miaka minane. Nyumba nyingi za Kibiti, za Ikwiriri, mpaka Chumbi, ua la moto lililopo pale nimelipanda mimi kwa mikono yangu, na katika nyumba hizo zote sikufungua mdomo.

Uani kwangu pia nililipanda. Hapo ndipo nilipofanya ufundi wangu mwenyewe, ule niliouona ni bora kuliko wa Mzee Ngwele. Debe la bati lina joto, viazi vinatoka jasho, vinaota ukungu. Mimi nikachukua kapu la ukindu, nikaweka mchanga mkavu wa mtoni, nikavipanga viazi humo tabaka kwa tabaka, nikalitundika jikoni juu ya mafiga, pale tunapotundika mahindi ya mbegu. Moshi unafukuza wadudu, joto la moto linakausha unyevu. Vuli ikifika kila kiazi kinaamka na jicho lake. Sikupoteza hata kimoja. Nilimwonesha Mkwanda, naye akaniambia kitalu chote kihifadhi kwa mtindo wa kwangu, na kwa kuwa kitalu hakikuwa na jiko, viazi vyote vya kitalu vikahamia jikoni kwangu. Makapu matatu. Mahali pa chakula, kwenye vyombo vya chakula. Leo nikiandika maneno haya naona aibu. Wakati ule niliona maarifa.

Basi ukaja mwaka ambao mto ulivunja kingo na kuingia mashambani. Delta yote ikawa maji. Mbuchi, kijiji cha huko delta, mpunga ulizama ukiwa umebeba. Dada yangu Somoe, mkubwa wangu kwa tumbo moja, alikuwa ameolewa huko. Alikuja kwangu Kibiti akiwa na kanga aliyoivaa na sufuria moja, mumewe shemeji Bakari kabaki kulinda paa la nyumba, na binti yao Rehema, mtu mzima mwenye nyumba yake, kabaki na baba yake.

Somoe hakuweza kukaa bure. Siku ya pili tu alishafagia ua, kasuka mkeka nusu, kagombana na jirani yangu Bi Tatu juu ya kuku. Jikoni aliangalia juu akaona makapu.

"Mbegu gani hizi umezizika kwenye mchanga kama maiti?"

"Za kazini, dada. Si za kula hizo. Zina sumu."

Akacheka kicheko chake kile cha kupiga paja. "Wewe nawe! Ndiga haina sumu? Bibi alitulea na nini?"

Hapa wasio wa kwetu niwaeleze. Ndiga ni kiazi cha porini, na kina sumu kweli. Mwaka wa njaa watu wa Rufiji wanakula ndiga. Lakini hailiwi hivi hivi. Inamenywa, inakatwa vipande vyembamba, inalowekwa siku tatu au zaidi, maji yanabadilishwa kila siku mpaka ule uchungu na povu viishe. Bibi yetu, Mmatumbi wa milimani, alitufundisha wote wawili, lakini mimi mkono wangu haukuwa mzuri. Somoe ndiye aliyerithi. Mbuchi nzima mwaka wa njaa walikuwa wanampelekea ndiga zao aziangalie. Anashika kipande, anakigusa kwa ncha ya ulimi, anatema, anasema, "Bado siku moja." Ikipita mkono wa Somoe, mnakula mnalala.

Kwa hiyo nilipomwambia "zina sumu", nilimwambia kitu ambacho yeye tangu utoto alijua dawa yake. Nilitakiwa niseme, dada, hii sumu si ile, hii maji hayaitoi. Sikusema. Nilikuwa nimechelewa kitaluni, nimeshika ndoo, naye alikuwa anacheka, nikacheka na mimi nikaondoka.

Halafu unga ukawa haba. Watu wote wa Kibiti walikuwa vichakani wanachimba ndiga. Asubuhi moja natoka kwenda kazini, nikaona beseni nyuma ya nyumba, vipande vyeupe vimelala majini. Kesho yake nikapita tena pale, Somoe anamwaga maji ya jana anatia mapya. Siku ya tatu vilevile. Nililiruka lile beseni siku tatu. Sikuinama kutazama. Nikajua ndiga, nikamshukuru Mungu kunipa dada anayeijua ndiga.

Siku ya tatu alasiri alichemsha na tui la nazi. Mimi nilirudi kutoka kazini nimeshakula muhogo wa Bi Tatu njiani, nikala vipande vichache kwa ajili ya heshima. Somoe alikula sahani. Aliniambia, "Kula, mwembamba wewe, utapeperushwa," akaniongezea, na mimi nikavirudisha kwenye sahani yake alipogeuka kuchukua maji. Jambo hilo dogo. Ndilo lililonibakiza duniani, na ndilo lililomwongezea yeye.

Kulipokucha tulikuwa hatujiwezi, kutapika na kuhara, koo linawaka. Bi Tatu akatupakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Daktari, kijana mpole, akauliza tumekula nini. Somoe pamoja na hali aliyokuwa nayo alijiinua kwa kiwiko.

"Ndiga, daktari. Nimeloweka siku tatu. Maji nimebadilisha kila asubuhi. Mimi kwenye ndiga sijawahi kukosea."

Daktari akaandika ndiga. Tukawekewa maji ya mshipa. Daktari alipotoka, nikamgeukia dada kitanda cha pili. Sijui kwa nini niliuliza. Labda moyo ulishajua.

"Dada, ulizichimba wapi?"

"Nizichimbe wapi na magoti haya? Si kwenye kapu lako la mchanga? Nilijua unazinyima tu." Akatabasamu. "Nimekuibia, mdogo wangu. Utanisamehe."

Hapo nilijua. Nataka mwelewe vizuri: tangu saa ile, asubuhi haijaisha vizuri, mimi nilijua. Nilianza kuita nesi. Na kabla nesi hajafika, Athumani Mkwanda aliingia na chupa ya uji na machungwa, maana Bi Tatu alishampitia kumwambia siji kazini. Nikamweleza kwa sauti ya chini. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akanishika mkono, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Umeshamwambia daktari?"

"Bado. Ndiyo namwita."

"Tulia kwanza. Dawa ni hiyohiyo, maji. Ndiga, ua, wao wanatibu kutapika. Ukisema ua la kitalu, wanakuja polisi. Viazi vimekaa nyumbani kwa nani? Kwako. Vimetundikwa na nani? Na wewe. Utafungwa wewe, Mwanaidi, na dada yako atapona akukute ndani. Sema ndiga. Ameshasema mwenyewe ndiga."

Nesi akaja. "Umeniita, mama?"

Nikamwambia nataka maji ya kunywa.

Mkwanda ana kosa lake na ameliacha hapa Kibiti amekwenda Dar, nasikia anauza maua barabara nyingine, ananawiri. Lakini maneno "nataka maji ya kunywa" hakuyasema yeye. Niliyasema mimi Mwanaidi, na nikaendelea kutoyasema mengine siku ile nzima, huku namwona dada anazidi kulegea. Mimi nilianza kupata nafuu. Yeye alikuwa anaulizia kama nimekula.

Kesho yake adhuhuri nilishindwa. Nilimwita daktari nikamwambia yote, kapu, mchanga, kitalu. Kalamu yake ilisimama.

"Mama, mbona hukusema jana?"

Alipiga simu papo hapo kutafuta gari la kumpeleka Dar. Somoe hakulisubiri gari. Alifariki alasiri ile, mkono wake uko kwenye nguo yangu. Baadaye nilimfuata daktari nikamuuliza kama ningesema jana angepona. Alikuwa mtu mkweli, akafikiri. "Sumu ile haina dawa yake, mama. Hata jana huenda tusingeweza." Huenda. Nimekaa na neno hilo kama mtu aliyekaa na kokoto kwenye kiatu na hana ruhusa ya kuvua.

Wiki mbili baadaye nywele zangu zilianza kutoka kwa vishungi, mpaka kichwa kikabaki kama cha mtoto mchanga. Daktari alisema ni sumu inamalizia kazi. Zikaota tena nyembamba. Vidole vya miguu vina ganzi mpaka leo. Kazi ya kuchuchumaa kwenye tuta sikuiweza tena, na Mkwanda alishawaambia watu kwamba nilichukua viazi vya kitalu bila ruhusa. Ndivyo nilivyostaafu. Bila hotuba, bila soda.

Sasa hivi ndivyo ninavyowaambia mnaotaka kulima ua la moto. Lilimeni, ni zuri, sina ugomvi na ua. Lipandeni mbali na mihogo na viazi vya kula. Mengine fanyeni mtakavyo, lakini viazi vyake vikae kwenye chombo ambacho hakuna mama atakayekishika kwa ajili ya chakula, tena nje ya jiko. Naweni. Na kila mnayemuuzia mwambieni kwa maneno yote, siyo neno moja. Msimwambie "ina sumu" mkanyamaza, maana kwetu hapa sumu tunaijua, tunailoweka. Mwambieni: hii maji hayaitoi. Siku tatu hayaitoi, siku kumi hayaitoi. Mimi nimepita nyumba nilizopanda, moja baada ya moja, kwa fimbo, nikiwaambia. Wengine waling'oa. Mwanamke mmoja wa Chumbi aliniambia, "Ulipoliuza lilikuwa ua, leo limekuwa nyoka?" Nikaendelea nyumba ya pili.

Lakini nyumba moja sikuthubutu kuiendea, nayo ni ya Mbuchi. Kwa sababu yule daktari nilimwambia, familia sikuwaambia. Maiti ilipofika Mbuchi, habari ilishatangulia: Somoe kala ndiga. Na mimi niliiacha. Nilikaa matangani nimejifunika kichwa, sina nguvu hata ya kulia, nikasikia wanawake wananong'ona. "Uzee. Alisahau kubadilisha maji." "Alikuwa anajiona fundi." "Kamlisha mdogo wake sumu, masikini, yule pale." Walinionea huruma mimi. Mimi! Nikala wali wa matanga, nikarudi Kibiti.

Miaka miwili ikapita, Rehema akaja kwangu bila kutuma salamu. Alikaa kwenye kigoda, hakuvua viatu.

"Mama mdogo, nina swali moja. Mwaka huu tena mpunga umeharibika kwetu, watu wanakula ndiga. Mimi nimefundishwa na mama. Naloweka kama yeye. Hakuna anayekula yangu. Juzi msibani nimepeleka sufuria, imerudi kama ilivyokwenda. Wanasema mkono wa mama yangu ndio mkono wangu. Nataka kujua tu, wewe ulikuwepo. Mama alizembea?"

Nilimweleza. Sikumficha hata uji wa Mkwanda, hata maji ya kunywa. Nilipomaliza alinyanyuka akaenda uani, akasimama pale lilipokuwa tuta langu, nilipokwishang'oa kila kitu. Aliporudi hakulia, wala hakunitukana, ningependa angenitukana.

"Alibadilisha maji kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Nilimwona kwa macho yangu."

"Basi utakuja Mbuchi uyaseme hayo. Siyo kwangu. Kwao."

Tulikwenda kwa boti, tukapita Salale, mikoko pande zote, na njia nzima Rehema alizungumza na mwenye boti tu. Huko Mbuchi nilikaa kwa Rehema mpaka siku ya tano, ndipo akawaita watu. Wanawake kama kumi na watano uani kwa shemeji Bakari, mbele yao wote Bi Mwajuma, yule aliyesema uzee. Shemeji mwenyewe alikaa mlangoni. Katikati ya mkeka Rehema alikuwa ameweka sinia limefunikwa kawa.

Nikasema. Nilisimama, maana nikikaa sauti inakwama. Nikawaambia haikuwa ndiga, ilikuwa kiazi cha ua langu, nilikiweka jikoni, sikumwonya sawasawa, nikajua hospitalini nikanyamaza siku nzima. Nikawaambia Somoe alimenya sawa, alikata sawa, aliloweka siku tatu, maji alibadilisha. Kile kiazi ndicho kisichosikia maji.

Bi Mwajuma akaniangalia na jicho lake moja lenye mtoto wa jicho.

"Kwa hiyo ulitukalisha miaka miwili tunamsema marehemu."

"Ndiyo, bibi."

"Na ulikuwa unatusikia."

"Nilikuwa nawasikia."

"Na Somoe aliloweka vizuri?"

"Vizuri, bibi. Kama siku zote."

Shemeji Bakari aliinuka mlangoni akaingia ndani, akaufunga mlango taratibu. Hajanisemesha mpaka leo, na sidhani atanisemesha.

Rehema akafunua kawa. Ilikuwa ndiga, nyeupe, imechemshwa na tui, mvuke unapanda. Mikono yote ilibaki mapajani. Macho yakahama kutoka kwenye sinia yakanijia mimi. Rehema hakunikaribisha. Alisema tu, "Nimeloweka siku nne."

Tangu alipofariki Somoe sikuwa nimetia ndiga mdomoni. Nikapiga magoti kwenye mkeka, nikanawa, nikachukua kipande nikakitia mdomoni. Nilitafuna mbele yao, polepole, nikameza. Nikachukua cha pili. Machozi yalinitoka na nikaendelea kula, cha tatu, cha nne, mpaka nikasikia mtu anasogea kando yangu. Ni Bi Mwajuma. Alinyoosha mkono wake uliokunjamana, akachukua kipande, akakigusa kwanza kwa ncha ya ulimi, akasubiri.

"Iko sawa," akasema, akala. "Mkono wa mama yake."

Hapo wakasogea wote, mikono ikaingia. Rehema alilisukuma sinia kuelekea kwao, mbali na mimi, lipate kuwafikia.